Mama Glasi wa Wodi ya Nyuma

Ndugu waombolezaji, majirani zetu, wafanyakazi wa hospitali mliokuja na sare na mliozivua getini, poleni na asanteni kwa kufika, naomba walio juani wasogee ndani ya turubai, nafasi bado ipo. Familia imenipa kazi ya kusoma maisha ya dada yetu, mimi ni mdogo wake ninayemfuata kwa kuzaliwa, na nitasoma kama tulivyokubaliana jana alasiri tukiwa sebuleni wote, wengine wakiitikia na wengine wakinuna, na tukifika kwenye sehemu iliyonuniwa mtaijua wenyewe.

Dada yetu alizaliwa Jumatano, tarehe 9 Machi 1966, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa baba yetu, aliyekuwa mchochea tanuri wa kiwanda hicho, na mama yetu, aliyekuwa fundi cherehani wa barazani, wazazi ambao wote wawili wametangulia. Mama alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu alichelewa kulia, mkunga akamchapa kofi mara mbili, naye akamtazama tu yule mkunga kama mtu anayesikiliza shida za mwenzake, na sisi tuliokua naye tunaamini hivyo, maana hata utotoni ukimkosea hakukugombeza, alikuja kukaa karibu yako na kukuuliza una nini, jambo ambalo kwa mtoto mkorofi linauma kuliko fimbo.

Alianza darasa la kwanza Januari 1974 katika shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli, akamaliza mwaka 1980, akasoma sekondari ya bweni ya wasichana kuanzia 1981 hadi 1984, alikojulikana kwa kusinzia kwenye hesabu na kuamka kwenye baiolojia, kisha akajiunga na chuo cha uuguzi mwaka 1985 na kuhitimu Novemba 1988. Baba, ambaye hakuwa mtu wa maneno, siku ya mahafali alivaa koti la kuazima lililombana mabega, akasimama mbele ya mwanawe, akatoa kitambaa mfukoni, akainama na kumfuta vumbi kwenye viatu vyake vyeupe mbele ya watu wote, na dada alituambia kwamba cheti alikabidhiwa na mgeni rasmi, lakini kuhitimu alihitimu pale.

Kazi aliianza Februari 1989 katika wodi ya wazazi ya hospitali yetu hii, akadumu humo zaidi ya miaka minne, na baadhi ya watoto aliowapokea siku zile mko hapa leo na vitambi vyenu. Oktoba 1993 alibishana na mkubwa wake juu ya glovu zilizokuwa zikifuliwa na kuvaliwa tena, akasema mbele ya watu lililopaswa kusemwa faragha, na wiki iliyofuata akahamishiwa wodi ya wagonjwa wa akili, maana zama hizo wodi ile ilikuwa mahali pa kumtupa mtumishi aliyewachosha wakubwa. Aliambiwa ni kwa muda, na muda wenyewe umekwisha Jumatano iliyopita.

Sisi tunaoingia hospitali kwa mlango wa mbele hatuijui wodi ile vizuri, ni jengo la mwisho kabisa, lina nondo madirishani, bomba moja, vitanda kumi na viwili na wagonjwa wasiopungua ishirini, na zamu nyingi muuguzi huwa mmoja na mfagiaji wake, mama mmoja mwenye kifua kipana ambaye yuko pale mstari wa pili na ambaye dada alikuwa akimwita daktari bingwa wa kutuliza watu. Wodi nyingine zikizidiwa, muuguzi wa wodi ya nyuma ndiye wa kwanza kuazimwa, kana kwamba wagonjwa wake hawaumwi, na mara nyingi dada aliitwa kusaidia kuzalisha, akarudi akamkuta mfagiaji amewapanga wagonjwa ukutani anawafundisha kukunja mashuka. Dawa zilikuja mwezi huu, mwezi unaofuata hazikuja, sindano iliyopatikana ilikuwa ile ya zamani inayokakamaza shingo na kumtoa mtu mate, na vidonge vya kulegeza shingo havikuletwa pamoja nayo, kwa hiyo kazi kubwa ya dada ilikuwa kumweleza mama mtu kwamba mwanawe hajarogwa upya, ni dawa, na palepale kumbembeleza asiiache.

Ndugu wa wagonjwa nao walikuwa na mambo yao, walikuwepo waliomshusha mgonjwa getini na kuondoka bila kuaga, na waliotoa namba za simu ambazo si zao. Kuna namba moja iliyoandikishwa na familia tatu tofauti, kila dada akipiga kuwaambia kwamba mtu wao amepona waje wamchukue, anapokea muuza vifaranga wa barabara ya juu ambaye hana mgonjwa wala habari, mwishowe wakazoeana, bwana yule akawa ndiye anayekwenda kuwatafuta wenye mgonjwa kwa pikipiki yake, na leo yupo hapa, asante sana, mzee wa vifaranga. Mwaka 1998 mgonjwa alimvunja dada mkono wa kushoto, na alipoulizwa na wakubwa kama anataka kuhamishwa alijibu, "Alikuwa anapigana na mtu mwingine, mimi nilipita katikati tu," akafungwa plasta na kurudi kazini kabla haijafunguliwa.

Kuhusu ndoa, familia iliniomba nisome tarehe tu, lakini shemeji yangu ameniruhusu kusema yote, na akikunja uso msimsadiki. Asubuhi ya tarehe 14 Juni 1994 dada alikuwa peke yake wodini, ameambiwa kwamba kuna mgonjwa mwanamume analetwa na ndugu zake, na kama kawaida ya ndugu wa wagonjwa akajua watamwacha mlangoni na kukimbia, mara akaingia mtu mrefu, shati limechanika begani, nywele zimejaa vumbi la dari, ana koleo mkononi, akasema kwa sauti kubwa kwamba ametumwa na wakubwa kuja kurudisha mwanga kwenye jengo hili. Dada akamjibu kwa upole, "Sawa kaka, mwanga tutaurudisha pamoja, kaa kwanza," akampokea koleo, akamvua mkanda kama utaratibu wa wodi unavyotaka, akampima presha, na yule mtu kila alipozidi kueleza kwamba yeye ni fundi umeme, na kwamba asipofika juu ya dari hospitali nzima italala gizani, ndivyo dada alivyozidi kuitikia kwa kichwa na kuandika. Wagonjwa wenzake wakamshauri akubali tu, huwa inasaidia. Kilichomtoa ni msimamizi wake aliyekuja kumtafuta saa sita na kumkuta kitandani anakunywa uji, suruali kaishikilia kwa mkono mmoja, na alipoulizwa kwa nini hakujitetea alisema kwamba maisha yake yote hakuwahi kusikilizwa na mtu vizuri namna ile.

Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 25 Novemba 1995, ndoa iliyodumu mpaka kifo, na Mungu aliwajalia watoto wawili, wa kwanza binti, aliyezaliwa tarehe 3 Mei 1997, ambaye ni mwalimu wa chekechea, na wa pili wa kiume, aliyezaliwa tarehe 20 Septemba 2000, ambaye ni fundi umeme kama baba yake na hutembea na kitambulisho shingoni kwa sababu zinazoeleweka. Binti, kama wengi mnavyojua, ameshatolewa posa, na wakwe zetu watarajiwa wako nasi hapa, karibuni sana.

Sasa nafika kwenye maradhi, naomba utulivu.

Mwaka 2005, kuanzia Machi, dawa zilikatika wodini kwa miezi minne. Wagonjwa wenye ndugu wenye uwezo walinunuliwa dawa nje, wasio nao walirudishwa nyumbani na maneno mazuri. Miongoni mwao alikuwemo kinyozi mmoja, kijana wa watu, mpole, ambaye dada alimhangaikia mwaka mzima mpaka akarudi kwenye kibanda chake cha kunyoa, na ambaye kila mwisho wa mwezi alikuwa akija wodini na mashine yake kuwanyoa wenzake bila malipo. Alipokosa dawa ugonjwa ulimrudia, nyumbani wakamfungia kwenye banda, dada akasikia, akaenda kwa miguu siku yake ya mapumziko, kwa sababu wodi ile haikuwahi kupewa gari, akakaa naye nje ya mlango wakazungumza kupitia kwenye tundu, akawaomba sana wamfungulie, wakakataa mpaka alete dawa, akaondoka kwenda kuitafuta. Aliporudi nayo kijana alikuwa ameshazikwa.

Wakati ule hatukujua lolote, tulichoona ni dada amekonda na amekuwa mkavu, hataki utani, na utani ndio uliokuwa mlo wake. Shemeji alirudi siku moja adhuhuri akamkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, amevaa kiatu kimoja, kingine amekishika, akamuuliza, "Unakwenda wapi?" akajibu, "Sijui kama nakwenda." Alikaa hivyo wiki kadhaa. Mji mzima huu, mtu wa kupelekewa watu wa namna hiyo alikuwa yeye, na yeye hakuwa na wa kupelekwa kwake, wala mkubwa wa kumuuliza jambo la kinyozi yule amelibeba vipi, kwa hiyo shemeji alimpandisha basi la alfajiri, akamvalisha miwani ya jua na kitambaa, akampeleka kwa daktari wa mji mwingine wasikojulikana, ambaye alimwambia kwamba ana sonona, akampa dawa, na kumtaka apumzike kazini miezi sita.

Ukoo tuliambiwa ni mgongo. Mgongo ule ulipewa pole nyingi kuliko mgongo wowote katika historia ya familia yetu, ulipakwa mafuta ya kila rangi, shangazi yetu mkubwa akamnunulia godoro gumu kama meza, na dada, ambaye hakuwa na maumivu yoyote ya mgongo, alilalia godoro lile miaka kumi na nane mpaka mgongo ukaanza kumuuma kweli. Naomba msamaha kwa kucheka msibani, lakini hata yeye alicheka.

Januari 2006 alirudi kazini, na ndipo alipoanzisha utaratibu uliompa jina. Kila siku ya kliniki, wagonjwa wakishakaa kwenye benchi, aliingia na glasi ya maji mkononi, akasimama mbele yao, akatoa kidonge mfukoni, akasema, "Hii ni yangu, ya ugonjwa wangu," akameza, akafungua mdomo, akanyanyua ulimi, na wao wakachungulia kuhakikisha amemeza, kama yeye alivyokuwa akiwachungulia, kisha ndipo akawapa zao. Kulikuwa na seremala mmoja mkali wa ukaguzi huo, akimrudishia, "Sista, upande wa kushoto hatujaona." Wakamwita Mama Glasi. Wafanyakazi wenzake walidhani ni vitamini, wengine walidhani ni chaki, na wagonjwa waliambizana kwamba sista ana roho nzuri kweli, anajifanya mgonjwa ili wao wasijisikie vibaya. Miaka yote ile alisema kweli, hadharani, kwa sauti, na hakuna aliyemsadiki hata mmoja, isipokuwa mumewe aliyekuwa akimnunulia dawa zenyewe duka la mji mwingine ili asiguse za wodi.

Januari 2024 alianza kuumwa tumbo na kupungua mwili, tarehe 22 Februari akagundulika kuwa na kansa ya kongosho, iliyokuwa imeshasambaa, akatibiwa hospitalini hapa na katika hospitali ya rufaa, na kuanzia Juni aliuguzwa nyumbani. Akiwa katika hali hiyo alituita wadogo zake na watoto wake, akatueleza habari ya kinyozi na ya basi la alfajiri, sina haja ya kuficha kwamba nililia, kisha akasema, "Siku mkinisomea, msiandike mgongo."

Ndugu zangu, hilo ndilo lililobishaniwa jana alasiri. Shangazi yetu mkubwa, ambaye anampenda marehemu kama mwanawe na asionewe kwa nitakayosema, aliuliza kwa uchungu, "Jamani, amekufa kwa kansa, kansa haitoshi? Mnataka kumuongezea na la aibu?" na wengine wakamuunga mkono, wakasema tumfikirie binti, kwamba posa imeshapokelewa, kwamba watu wakisikia mama mtu alikuwa na ugonjwa wa akili watauliza na mtoto je, na wajukuu je, na hoja hiyo haikuwa ya kijinga, kila mmoja wetu alijua nyumba ambayo posa ilirudi kwa sababu hiyohiyo. Shemeji alikuwa amemficha mke wake miaka kumi na tisa kwa sababu ya maneno kama hayo, na mtu akishazoea kufunga mlango hawezi kuufungua kwa siku moja. Aliyesimama ni binti mwenyewe, macho mekundu, akasema, "Shangazi, ni mimi ninayeolewa, basi niachieni mimi hofu yake. Nimeshawaambia wote kwao, asubuhi, kwa mdomo wangu. Kama ni wa kuondoka wataondoka, viti vyenyewe ni vya kukodi." Kisha akaketi na kuanza kutetemeka, shangazi huyohuyo akamfunika kanga na kumkumbatia, na mpaka tunamaliza hakumwachia. Leo alfajiri wakwe zetu watarajiwa walikuwa wa kwanza kufika, na mwenzetu baba wa kijana ndiye aliyeishika nguzo ya turubai hii ilipokuwa inasimikwa. Mengine watayasema wao siku yao, hapa si mahali pake.

Kwa hiyo nasoma kama tulivyoandika. Marehemu aliishi na ugonjwa wa sonona tangu Juni 2005 hadi kufariki kwake, alitibiwa, alimeza dawa kila siku, alifanya kazi, alilea watoto, alipenda na alipendwa.

Dada yetu alifariki Jumatano, tarehe 14 Agosti 2024, saa nne asubuhi, nyumbani kwake, mumewe akiwa amemshika mkono na wanawe wakiwa miguuni, akiwa na umri wa miaka hamsini na minane, na akiwa bado mtumishi wa wodi ileile. Ameacha mume, watoto wawili na ndugu watano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia tangu siku ya kwanza, hususan muuguzi aliyekuwa akija kumchoma sindano ya maumivu nyumbani baada ya zamu yake bila kutumwa na mtu. Tunawashukuru majirani waliotupikia na kutuchotea maji, wafanyakazi wenzake waliochanga na waliokesha, mama mfagiaji ambaye tumemkuta mara mbili akitufulia mashuka bila kuaga wala kuombwa, na mzee wa vifaranga. Tunawashukuru pia wagonjwa wa wodi ya nyuma, wa zamani na wa sasa, mliokuja na kukaa mlikotaka kukaa, hatutawaomba msimame, tunajua mpo na mlikuwa wa kwake kama sisi.

Na asubuhi hii, ilipokwisha kujulikana kwamba sentensi ile itasomwa, mtu mmoja alinifuata nilipokuwa nanawa uso nyuma ya nyumba, si wa ukoo wetu wala wa ukweni, msihangaike kutazamana, akanipa pole, akasimama, akafungafunga kifungo cha shati ambacho kilikuwa kimeshafungwa, akaniuliza kwa sauti ya chini kliniki ya dada huwa siku gani. Nilimjibu, akaondoka haraka. Kisha nikawaza kwamba katika watu wote hawa hawezi kuwa peke yake, na kwamba wengine hawatapata nafasi ya kunikuta nanawa uso, kwa hiyo mniwie radhi kwa kuleta tangazo msibani. Ni Jumanne, kuanzia saa mbili asubuhi, jengo la mwisho, ukishapita chumba cha kufulia, mlango hauna kibao, sukuma tu. Huna haja ya kumweleza mtu wa mapokezi unakokwenda, na kama mtu wako umemfungia na hawezi kuja, njoo wewe kwanza, hutagombezwa. Muuguzi aliyepo sasa ni mgeni, yuko peke yake, na nimemuuliza leo mbele ya jeneza kama wiki hii atafunga kwa ajili ya msiba, akasema hapana, Jumanne atakuwepo.

Dada, umefanya yako, sasa pumzika kwa amani.